Jibu Lingine Lolote: Sifuri

Tarehe 6 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini sikio linaendelea vizuri na wifi bado anakuvumilia. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilisema "mabano" ukasikia "mapambano", tukagombana nusu saa juu ya jambo ambalo hakuna aliyelisema. Acha niandike.

Darasa la saba wamenichosha. Hii ni wiki ya pili nawafundisha kuandika mtajo mmoja wa aljebra kwa sura mbili tofauti bila kubadili thamani yake. Leo nimeandika ubaoni 3n + 2. Nikainama kuokota chaki, kuinuka nakuta watoto arobaini kati ya arobaini na watatu wameandika 5n. Nikawauliza tano imetoka wapi.

"Tatu na mbili, mwalimu."

"Na hiyo n?"

"Ilikuwepo."

Kuna mmoja tunamwita Wakili, kwa sababu hakubali kitu mpaka akibishie. Akasimama: "Mwalimu, kama 2(n + 3) na 2n + 6 ni kitu kimoja, kwa nini usiandike mara moja twende nyumbani?" Darasa zima likacheka. Nilimwambia akae.

Halafu kuna msichana anayekaa karibu na dirisha, wenzake wanamwita Kimya. Mwaka huu nimeisikia sauti yake mara mbili, na mara moja ilikuwa kuomba ruhusa ya kutoka. Yeye hakuandika 5n. Hakuandika chochote. Alikuwa anautazama ubao kama mtu anayesubiri nimalize kukosea.

Mtihani wa kanda ni tarehe 28. Atakayepata chini ya arobaini anarudia darasa. Wewe umefundisha hesabu miaka thelathini na hujapasuka kichwa. Ulikuwa unafanyaje?

Mdogo wako, mwenye chaki mpaka puani


Tarehe 11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikio ni lile lile. Wifi yako amechoka kupaza sauti, sasa ananiandikia vikaratasi na kuvibandika kwenye kikombe changu cha chai.

Usikasirike nikikwambia kosa ni lako. Unawapa watoto herufi kabla hujawapa kitu cha kuhesabu. Kwao n ni mdudu aliyetua kwenye daftari, wanamfukuza tu.

Nunua viberiti. Waambie wapange njiti zitengeneze mraba mmoja, halafu wa pili ushikane na wa kwanza, halafu wa tatu, kwenye mstari. Waulize: miraba ikiwa kumi, njiti ngapi? Ikiwa n je? Usiwape kanuni. Uliza swali moja tu, "umehesabuje?", na kila mtu aandike vile alivyohesabu. Utapata majibu matatu au manne yasiyofanana hata kidogo, na yote ni sahihi. Hapo Wakili wako atapata jibu lake. Tunaandika mara mbili kwa sababu watu wawili wametazama kitu kimoja, kila mmoja akiwa upande wake.

Samahani kwa ufupi. Nina kazi ya kamati ambayo siruhusiwi kuieleza, na imenibana sana.

Kaka yako


Tarehe 20 Mei

Kaka,

Ungenionya kwamba ukiwapa watoto arobaini na watatu viberiti, mwalimu mkuu atakuja mbio. Alipoona nimekwisha kukata vichwa vya njiti zote kwa kisu, alitulia, akabaki mlangoni. Vidole vyangu bado vinanuka.

Ila imefanya kazi. Kundi la mbele walisema mraba wa kwanza una njiti nne na kila unaofuata unaongeza tatu, wakaandika 4 + 3(n – 1). Nyuma yao wakaandika 3n + 1. Wakili akahesabu za juu, za chini na zilizosimama, akaandika n + n + (n + 1), kisha akatangaza kwamba wengine wote wamekosea. Nikamwambia aweke kumi badala ya n kwenye kila mtajo. Akapata thelathini na moja. Akapata thelathini na moja tena. Mara ya tatu akanitazama kama nimemfanyia kiinimacho.

Wakati huo Kimya akainuka. Hakunyoosha mkono. Alikwenda ubaoni, akachukua chaki mkononi mwangu, akaandika 4n – (n – 1).

"Hiyo ya kutoa imetoka wapi?" nikamuuliza.

"Kila mraba umekuja na njiti zake nne," akasema. "Ukiusogeza ukamgusa mwenzake, njiti mbili zinataka kukaa mahali pamoja. Moja inabidi iondoke."

Mwalimu mkuu alikuwa wa kwanza kusema "eeh". Nami nilifurahi nikasahau kwamba mimi ni mtu wa kuchoka. Nikawaambia wote: siku ya mtihani, ukiiona njia yako, andika njia yako, ilimradi ukiipima inatoa jibu.

Kesho yake kumi na moja wamerudia 5n. Lakini ni kumi na moja, si arobaini.

Mdogo wako


Tarehe 14 Juni

Kaka,

Matokeo yametoka na mimi nimepandwa na hasira, kwa hiyo usilalamikie mwandiko.

Kimya amepata thelathini na nane.

Karatasi zao zimerudishwa shuleni, nimeisoma yake mstari kwa mstari. Swali la kumi na nne, alama nne: "Meza moja inakaliwa na watu wanne, mmoja kila upande. Meza n zimeunganishwa kwenye mstari mmoja. Andika mtajo wa aljebra unaoonyesha idadi ya watu watakaokaa." Yeye ameandika 4n – 2(n – 1). Weka meza tatu. Kumi na mbili toa nne, nane. Weka meza kumi. Arobaini toa kumi na nane, ishirini na mbili. Ni sahihi, Kaka, ni sahihi kila ukigeuza. Na kalamu nyekundu imelikata kwa mstari mmoja, hata haikusita.

Unajua mwongozo wa kusahihisha unasemaje? Nimeunakili ulivyo: "2n + 2. Jibu lingine lolote: sifuri."

Lingine lolote. Ni punguani gani aliyeandika sentensi hiyo? Anatunga swali ambalo uzuri wake wote ni kwamba lina majibu mengi, halafu anafunga mlango na kuweka kitasa. Ningempata ningemkalisha kwenye dawati la mbele, nimpe njiti za kiberiti.

Nimekwenda kwa mwalimu wa taaluma. Ameniambia, bila kuacha kupiga muhuri makaratasi yake, "Mwongozo ni mwongozo." Nikamwambia mitajo hiyo miwili ni kitu kimoja. Akasema, "Kama ni kitu kimoja, si angeandika ule wa kwanza?" Kaka, huyu ndiye anayesimamia taaluma.

Mama yake Kimya anapanga meza na viti kwenye ukumbi wa sherehe. Alikuja juzi akamshukuru mwalimu mkuu kwa adabu zote, akasema kama mtoto ni wa kurudia darasa, basi atamsaidia ukumbini, maana mwili umechoka. Tangu jana kiti cha dirishani ni kitupu.

Rufaa mwisho tarehe 30. Wewe unawajua watu wa kanda. Nisaidie.

Mdogo wako


Tarehe 18 Juni

Mdogo wangu,

Pole kwa habari ya mtoto.

Lakini tulia kidogo. Huyo unayemwita punguani huenda alikuwa na sababu. Wasahihishaji ni mia mbili na siku ni nne. Wengine wao si walimu wa hesabu, wamekopwa kutoka masomo mengine. Mwaka juzi waliachiwa wapime wenyewe kama jibu ni sahihi, na wapo waliopitisha 4n kwenye swali la namna hii, wakasema "inakaribia". Mtungaji anapaswa kuwafikiria hao pia.

Na mwongozo haukai peke yake. Aliyeshika kalamu nyekundu naye ana macho. Angeweza kunyoosha mkono akamuuliza msimamizi wa chumba. Lawama zote usimtwishe mtu mmoja.

Andika rufaa kwa utaratibu, kwa lugha ya upole. Usimtaje mtungaji.

Kaka yako


Tarehe 21 Juni

Kaka,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali uliposema jibu la mtoto ni sahihi. Hakuna. Miaka thelathini ya kufundisha, na umenijibu kama ofisi.

Na umwache huyo msahihishaji. Umekaa lini kwenye chumba kile? Karatasi mia tatu kwa siku, hazina majina, namba tu, na msimamizi anapita nyuma ya viti akisema "mwongozo, fuateni mwongozo". Ukinyoosha mkono meza nzima inakutazama kwa sababu umewachelewesha. Mtu anakata, anageuza ukurasa, anakata. Hujui lolote juu yake, na wala hustahili kumhukumu.

Rufaa nitaiandika mwenyewe. Upole umeniishia.

Mdogo wako


Tarehe 25 Juni

Mdogo wangu,

Punguani ni mimi.

Barua yako ya tarehe 14 niliificha kwenye kamusi. Wifi yako akaitafuta kamusi. Asubuhi nikakuta kikaratasi kwenye kikombe: "Huyu anayetaka kukukalisha dawati la mbele, anajua ni wewe?" Nikanywa chai nikijifanya sikukiona. Mchana akabandika kingine, kina neno moja tu: "Mwambie."

Swali la kumi na nne nimelitunga mimi. Kamati ni ile niliyokwambia siruhusiwi kuieleza. Nililipenda swali hilo. Kwenye mwongozo wangu wa kwanza niliorodhesha majibu manne, na chini yake nikaandika: "Kubali mtajo wowote wenye thamani sawa. Pima kwa kuweka namba." Siku ya mwisho mwenyekiti akasema wasahihishaji watabishana, kazi haitakwisha. Niliona midomo ikitembea, watu wananitazama, na mimi sikuwa nimesikia nusu ya maneno. Niliona aibu kuwaomba warudie. Nikavuta karatasi, nikafuta, nikaandika ile sentensi kwa mkono wangu, wakaitikia kwa vichwa, tukaenda kula.

Sikio si sababu. Nilijua ninachoandika. Siku zile zile ndipo nilipokuwa nakuandikia wewe juu ya viberiti na watu wawili kutazama kitu kimoja. Ulipoandika, nikakujibu kama ofisi kwa sababu nilikuwa nimejificha ofisini.

Jibu la mtoto ni sahihi. Ningelipata darasani enzi zangu ningelizungushia duara na kuwaita walimu wenzangu waje walione.

Jana nimekwenda kanda mwenyewe. Nimeandika maelezo ya kurasa mbili na kutia sahihi. Nakala nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ibane pamoja na rufaa yako, mwalimu wa taaluma apige muhuri mbele ya macho yako, na usitoke mpaka akupe risiti ya kupokea.

Kama hutaki kuniandikia tena nitaelewa.

Kaka yako


Tarehe 30 Juni

Kaka,

Rufaa imepokewa leo saa nne asubuhi. Mwalimu wa taaluma aliyasoma maelezo yako akiwa amekunja uso, akauliza, "Huyu aliyetia sahihi ni ndugu yako?" Nikamwambia ndiyo, bahati mbaya. Akapiga muhuri.

Nilikuwa nimekuandikia barua moja mbaya sana. Nimeichana. Si kwamba nimekusamehe haraka hivyo. Nimeichana kwa sababu sina haki ya kuituma.

Ile kalamu nyekundu ni yangu.

Karatasi za kanda zilichanganywa, na fungu nililopewa siku ya tatu lilikuwa la shule yetu bila mimi kujua. Niliona 4n – 2(n – 1). Nakuapia nililiona. Kitu kiliniambia simama, upime. Msimamizi alikuwa nyuma yangu, nilikuwa na karatasi mia na ishirini mbele yangu, nikakata. Ziliporudi shuleni ndipo nikatambua alama yangu kwenye ukingo wa karatasi, ile pembe ninayochora nikimaliza ukurasa. Ulipoandika kwamba msahihishaji ana macho, nilitaka kukupiga na kitu.

Juzi Jumamosi nilikwenda ukumbini. Mchana ule hapakuwa na sherehe. Mama mtu alikuwa anafuta meza, na Kimya anavuta viti viwili viwili, kila mkono kimoja. Nilikuwa nimeandaa maneno ya mzunguko, yakanitoka yakiwa mafupi.

"Aliyekupa sifuri swali la kumi na nne ni mimi," nikasema. "Jibu lako lilikuwa sahihi."

Akaviweka viti chini. "Ulihesabu?"

"Sikuhesabu. Mwongozo ulisema..."

"Ungehesabu," akasema.

Hakupaza sauti, wala hakununa. Alisema kama unavyomwambia mtu aliyetoka bila mwavuli. Nilitamani anitukane.

Mama yake akaacha kitambaa. "Mwalimu, huyu alilia siku mbili akisema jibu lake ni sahihi. Mimi nikamwambia nyamaza, mwalimu hawezi kukosea. Nikamgombeza kabisa." Akamtazama binti yake, halafu akanitazama mimi, akavuta kiti akakaa. "Sasa nani atamwambia mtoto wangu samahani kwanza? Mimi au wewe?"

Tulimwambia wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na Kimya akawa anatazama sakafu kwa aibu ya kuombwa radhi na watu wazima. Kisha mama akasema maneno yake ya mwisho: matokeo yakibadilika, mtoto anarudi siku hiyo hiyo. Yasipobadilika, nisiende tena pale kumpa matumaini.

Nimerudi kwa miguu. Sasa tumekuwa wawili, wewe na mimi, na sijui nani aanze kumkasirikia mwenzake.

Mdogo wako


Tarehe 11 Julai

Mdogo wangu,

Tusiulizane nani aanze. Tumechelewa wote.

Kamati ilikutana Jumatatu. Safari hii kila mara mtu alipozungumza bila mimi kusikia, nilinyoosha mkono nikasema, "Rudia, sijasikia." Nilisema hivyo mara tisa. Kufikia mara ya sita mwenyekiti alikuwa ameiva macho kwa hasira.

Rufaa imekubaliwa. Swali la kumi na nne linasahihishwa upya kanda nzima. Jana wakatoa waraka. Kaa chini kabla hujausoma. Unasema: "Wasahihishaji wakubali 2n + 2 au 4n – 2(n – 1). Jibu lingine lolote: sifuri."

Kwa hiyo mtoto aliyeandika 2(n + 1) bado ana sifuri. Na aliyeandika n + n + 2. Nilikwenda na waraka mkononi nikamuuliza mwandishi wake kama anajua mtajo ni nini. Akanijibu, "Mzee, tumeongeza moja, unataka nini tena?" Leo asubuhi nimekwenda tena. Nilibeba sanduku la viberiti, nikazipanga njiti mezani kwake, juu ya makaratasi, mpaka akaita watu. Ilipofika saa saba wameandika waraka mwingine, na sentensi ile ya "kubali mtajo wowote wenye thamani sawa" imerudi kama nilivyoiandika mara ya kwanza.

Kimya ana arobaini na mbili. Pamoja naye mpaka sasa wamevuka watoto kumi na tisa, na usahihishaji haujakwisha.

Mimi wameniondoa kwenye kamati. Wameandika "kwa sababu za kiafya". Wifi yako ameibandika barua yao ukutani, akachora mstari chini ya neno "afya" na kuweka alama ya kuuliza.

Kaka yako


Tarehe 24 Julai

Kwa Mtungaji wa Swali la Kumi na Nne,

Mwalimu amesema nikuandikie mwenyewe, na amesema hatasoma. Nimerudi darasani wiki iliyopita. Kwenye kiti changu alikuwa amekaa Wakili, tukabishana kidogo, akahama.

Sikuandika barua hii kukushukuru wala kukugombeza, kwa sababu mama amesema mambo hayo yamekwisha. Nina swali tu kuhusu meza zako.

Umeandika meza moja inakaliwa na watu wanne. Mimi meza ya namna hiyo siijui. Ukumbini kwetu meza ni ndefu, wanakaa sita, wawili kila upande mrefu na mmoja kila mwisho. Siku ya mtihani nilikaa muda mrefu nikifikiri umekosea, halafu nikaamua nikubali meza zako kwa sababu muda ulikuwa unakwisha.

Kwa meza za kwetu mimi nimepata 6n – 2(n – 1). Mwalimu amepata 4n + 2. Wakili amesema hatuwezi kuwa sahihi wote. Jumamosi walikuja ukumbini, mama akatupa ruhusa, tukapanga meza tano kwenye mstari, mwisho kwa mwisho, na kuweka viti. Mwalimu alihesabu mara tatu, kiti kwa kiti, akigusa kila kimoja. Ni ishirini na mbili.

Wakili anasema bado ana wasiwasi na meza mia moja. Hatuna meza mia moja. Hizo zako za watu wanne, wewe unazo wapi?

Msichana wa dirishani